Kibuyu Kilichofundishwa Joto

Asubuhi, kabla hajamsalimia binadamu yeyote, mpika pombe alikwenda kwanza kukisalimia kibuyu. Nilikuwa namsikia kupitia ukutani, maana nyumba zetu pale Kiomboi zilikuwa zimeegemeana kama wazee wawili waliochoka na safari.

"Umeamkaje?" anauliza. Kimya. "Haya, lala bado. Ukungu haujaondoka."

Halafu anatoka nje, anajinyoosha, ananiona, na sauti inageuka kuwa ile ya kufukuzia mbuzi: "We binti! Mumeo hajakwambia kwamba jua limechomoza?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Chota maji."

Hivyo ndivyo nilivyomjua, na hivyo ndivyo ninavyomwona mpaka leo nikifumba macho: mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, kichwa amekifunga kitambaa, anatoka ndani ya ukungu wa mwezi wa saba kana kwamba ukungu ndio uliomzaa. Mambo ya kuzaliwa kwake na ukoo wake sitayaandika. Hakuwahi kunieleza, na mimi si mtu wa kuchimba watu.

Nimeshika kalamu kwa sababu ya mjukuu wangu. Huyu mtoto yuko chuo kikuu, anasoma habari za vijidudu visivyoonekana kwa macho, na ukoo wetu wote haujawahi kutoa kichwa kama chake, asiyetaka kusikia hilo afunge masikio. Likizo iliyopita alikaa jikoni kwangu hapa Mandewa akanieleza kwamba hamira ni kitu chenye uhai. Kwamba kuna hamira iliyozoea baridi, na hiyo ukiipiga na joto kali kwa ghafla inakufa. Lakini ukiionjesha kwanza joto dogo, inashtuka, inajipanga, inajitengenezea kinga yake ndani kwa ndani, na joto kubwa likija inastahimili.

"Wataalamu wamelichunguza sana jambo hilo, bibi," akasema.

"Nililijua nikiwa na mimba ya mama yako," nikamwambia. "Niletee chumvi."

Akadhani namtania. Ndiyo maana naandika. Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini macho sikuyaacha shuleni.

Ndani ya kibuyu kile mlikuwa na chachu. Si hamira ya pakiti. Hamira ya pakiti ilikuja baadaye, wakati wa ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka yakaanza kujaa vitu tulivyokuwa tumesahau majina yake. Hii ilikuwa chachu ya pombe ya uwele, uji mzito wa rangi ya vumbi, ambao kila akipika anabakiza kidogo, anakilisha kimea kiganja kimoja, anaziba kwa majani, anakirudisha kwenye kona ya nyuma ya nyumba kisimame kwenye mchanga mbichi. Kona ile jua halikuwahi kuifikia. Ukiingiza mkono unadhani umeuingiza kisimani. Na chachu yenyewe ilikuwa ya ajabu. Wapikaji wengine msimu wa baridi pombe zao zililala siku tatu, nne, haziinuki. Ya kwake, upepo wa Kiomboi ukivuma hata mbwa wakalala wamekunjana, ndiyo kwanza inachangamka. Unaweka sikio kwenye mtungi unasikia kitu kama mvua ndogo inayonyesha mbali, kwenye kijiji cha watu wengine.

Alikuwa na maneno yake. Ukiharakisha kumimina, anasema, "Usiiamshe kama mgambo." Ukiuliza uji umepoa vya kutosha, hakuangalii, anakunja mkono wa gauni, anatumbukiza kiwiko, anafumba macho kama mtu anayesali. "Bado. Huu uji una hasira." Saa hakuwa nayo. Muda aliupima kwa nywele. Alikuwa msusi mzuri kuliko wote pale, na kama kitu kinataka muda mfupi alisema, "Mistari miwili." Kikitaka muda mrefu, "Nusu kichwa." Nilikuwa nakaa chini katikati ya magoti yake, ananisuka, uji unapoa, na usingizi unanichukua taratibu, nikiota nimelala chini ya maji na juu yangu kuna wanawake wanaoimba.

Kuimba aliimba kweli. Na hapo ndipo watu walipomshindwa. Alikuwa mpika pombe ambaye hakuwahi kuinywa. Hata kuonja hakuonja, alitumia pua na sikio. Kanisani walimwondoa kwenye meza ya Bwana kwa sababu ya kazi yake, naye hakubishana. Alikuja kila Jumapili akakaa benchi la mwisho, na wimbo ukianza sauti yake ilipita juu ya vichwa vyote mpaka mbele, kwaya nzima ikabaki kumfuata yeye. Siku ya harusi ya binti wa mzee mmoja wa kanisa, mzee yuleyule alikuja uani kwake kwa njia ya nyuma, kofia mkononi.

"Mama, tunaomba mitungi miwili."

"Ya nini, mzee? Ya kunawia mikono?"

"Mama, usinitese."

"Chukua. Lakini Jumapili ukikutana na macho yangu, usiangalie dari."

Alikuwa mkali, na alikuwa mpole. Alinitukana mchana kutwa, na mimba yangu ya kwanza ilipoharibika alikaa nami siku sita bila kusema neno.

Wakati wa ruksa bati nazo zikaja. Kila mwenye mbuzi aliuza mbuzi, akabomoa tembe la udongo, akaezeka bati, na mvua ikinyesha akatoka nje kuangalia kama majirani wanasikia kelele. Mume wangu naye akaezeka. Mpika pombe akagoma. "Bati ni kikaango," alisema. "Mimi nitalala wapi si hoja. Kibuyu kitalala wapi?" Nyumba yake ikabaki peke yake na paa la udongo, majani yameota juu, na watu wakamcheka.

Sasa nieleze lililomtoa kwenye nyumba ile.

Alikuwa na binti mmoja tu, ameolewa kule bondeni, Shelui, chini ya mlima Sekenke. Anayejua bonde lile anajua joto lake: mchana hata kuku wanatembea wamefungua midomo. Binti alipojifungua mtoto wa tatu mguu mmoja ulikufa ganzi, ukakataa kupona. Dada wa mume alikuwa akimtunza, lakini naye alikuwa na kwake. Habari ikapanda mlima: mama aje akae.

Kwenda alitaka. Lakini kwetu mama mkwe na mkwe mwanaume hawatazamani usoni, hawalali chini ya paa moja, hawasemezani ila kwa kupitia mtu mwingine. Na kwake yeye juu ya yote hayo kulikuwa na lake. "Nikila ugali wa mkwe," aliniambia, "nitakuwa mtoto wake wa nne. Sitakula. Nitapika pombe kulekule, nitanunua unga wangu, nitasonga ugali wangu. Siku nitakayolishwa, binti, ujue nimekwisha." Hakutania. Kibuyu ndicho kilikuwa jembe lake na shamba lake. Kikifa bondeni, angebaki kibibi kinachosubiri sahani.

Mkwe, kwa heshima, alimjengea chumba pembeni mwa kiwanja. Na kwa heshima zaidi akakiezeka bati mpya. Heshima ya mkwe huwezi kuirudisha.

Malori ya watu binafsi yalikuwa yameanza kupita kila siku, yamebeba alizeti na magunia ya mitumba. Nikajitolea kumsindikiza, tukapata moja. Mbele kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja, nami nilikuwa na mimba ya miezi mitano, kwa hiyo yeye akapanda juu ya magunia na vyombo vyake, akaniachia kiti na kibuyu.

"Kishike kama unavyoshika hilo tumbo," akasema.

Nikakishika mpaka Misigiri. Mikono ikachoka. Kati yangu na dereva palikuwa na mahali palipoinuka, tambarare, pametandikwa blanketi. Nikapagusa, pana uvuguvugu mzuri. Na hapa ndipo penye upumbavu wangu, nauandika bila kuuficha. Nikakihurumia kibuyu. Nikawaza, maskini, maisha yake yote kwenye mchanga wa baridi, hajawahi kulala pazuri. Nikakiweka pale juu ya blanketi, nikakiegemeza, nikalala usingizi. Chini ya blanketi ilikuwa injini. Na lori lilikuwa linateremka Sekenke kwa gia nzito, linanguruma njia nzima.

Tulipofika, mpika pombe alikipokea. Akakigusa kwa kiwiko. Akafungua majani akanusa. Akanusa tena. Akaweka sikio, muda mrefu, mpaka wenyeji wakaanza kutazamana.

"Uliweka wapi?"

Nikamwambia.

Hakunitukana. Bora angenitukana. Alikilisha kimea, akasubiri siku mbili ndani ya chumba kile cha bati, akikipepea kwa upande wa khanga. Siku ya pili kilitoa harufu ya kitambaa kibichi kilichosahauliwa. Akakimwaga nje, mbali na njia.

Siku hizo mbili alikula karanga alizotoka nazo nyumbani. Jioni mkwe alikuja mpaka nje ya ukuta, akakohoa, akasema, "Mwambieni mama chakula kipo."

"Mwambieni mkwe nimeshiba," akajibu, na mimi nilisikia tumbo lake likinguruma.

Binti yake akalia. "Mama, kula. Nani atajua?"

"Mimi."

Karanga zilikuwa zimebaki kiganja kimoja. Hapo ndipo nilipopata ujasiri wa kusema nilichokuwa nacho moyoni. "Mama, kile kidogo ulichonimegea mwaka jana bado ninacho. Kimekaa kwenye kona ya jiko langu la zamani, lile la udongo. Nakilisha."

Akanitazama kama anaona mtu mgeni. "Kumbe akiba yangu niliiweka kwa mpumbavu," akasema. Halafu akacheka, mara ya kwanza tangu tufike.

Dada wa mume alikubali kubaki mpaka mwezi uandame. Tukapanda na lori kurudi Kiomboi. Kushuka, akasema, hatutashuka na lori. "Tuliichukua kitandani tukaitupa motoni. Hata wewe ungekufa. Safari hii tutaitembeza."

Ile safari mpaka leo sijui niiite nini. Siku nane kwa miguu, wanawake wawili, mmoja na tumbo mbele, mwingine na kibuyu kichwani kimefungwa kitambaa kibichi. Siku mbili za kwanza hatukuondoka hata nyumbani. Alikitoa kibuyu kwenye mchanga, akakiweka karibu na figa, si karibu sana, akanikalisha chini. "Mstari mmoja," akasema. Akasuka mstari mmoja kichwani kwangu, akakirudisha kwenye ubaridi. "Imeshtuka," akasema. "Acha ifikirie." Kesho yake mistari miwili.

Njiani tulitembea alfajiri, jua likikomaa tunaomba kivuli kwenye nyumba za watu. Misigiri tulilala siku mbili kwa mjane mmoja aliyekuwa na alizeti zimeanikwa uani, uani kote njano, hata uso wa mpika pombe ukawa njano. Kila kituo alikilisha kibuyu kiganja cha kimea, na kila kituo alikiweka juani kidogo zaidi ya jana, na kila mara nilikaa katikati ya magoti yake. Mistari mitatu. Minne. Hakusema nami, alisema nacho. "Hili ni joto dogo. Kuna kubwa linakuja. Hili ni la kukujulisha tu." Vidole vyake vilikuwa vinatembea kichwani kwangu, hewa inatetemeka juu ya bonde kule chini kama maji, na mtoto tumboni anajigeuza, nami nikaanza kuchanganya: sikujua tena anayesemeshwa ni nani, kibuyu, au mtoto, au mimi, au anajisemesha mwenyewe. Naye alikuwa mtu wa baridi. Kila tuliposhuka alilegeza kitambaa cha kichwa kidogo. Siku ya sita alikivua kabisa, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba nywele zake zote zilikuwa nyeupe.

Kwenye mteremko wa Sekenke lori lilitupita, dereva akasimama. "Mama zangu, pandeni! Mtakufa na jua!"

"Endelea baba," akamjibu. "Tunafundisha mtu."

Dereva akaangalia huku na huku akimtafuta huyo mtu. Akatia gia akaondoka haraka.

Tuliingia Shelui kichwa changu kimesukwa chote. Akapika palepale, ndani ya chumba cha bati, mchana ambao ukigusa ukuta unaondoa mkono. Akamimina chachu, akafunika, akakaa chini mgongo ukiwa mlangoni. Mkwe alikuwa nje ya ukuta, anajifanya anatengeneza baiskeli. Majirani nao kila mmoja amepata shughuli karibu na kiwanja. Nilimwona mpika pombe anaogopa, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Karanga alizotoka nazo safari hii zilikuwa zimekwisha tangu asubuhi ile.

Nusu kichwa kikapita. Kichwa kizima. Akainama, akaweka sikio kwenye mtungi. Akabaki ameinama. Kisha akaninyooshea kidole, njoo, nami nikaweka la kwangu upande wa pili, nyuso zetu zikitazamana juu ya udongo ule wa moto.

Mvua ndogo. Mbali sana. Inakuja.

Kesho yake pombe ile waliinywa wapita njia na wenye mifugo, na kabla ya jua kuzama alikuwa na unga wake kwenye ungo. Akasonga ugali akala mlangoni kwake mwenyewe, taratibu, mchana kweupe, kila mtu amwone.

Nilirudi kwangu nikazaa. Mwaka uliofuata alinimegea kidogo, nikapanda nayo Kiomboi nikaiweka kwenye ile kona yake ya zamani, nikidhani itafurahi kufika nyumbani. Ililala kama maiti siku tano. Ilikuwa imesahau baridi. Ikabidi niifundishe tena, kwa kurudi nyuma, na kazi hiyo niliifanya peke yangu.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa miaka mingi baadaye, mama wa mjukuu wangu akiwa tayari anakaribia kumaliza shule ya msingi. Nilishuka kwa basi. Shelui ilikuwa imejaa maduka, kreti za bia za chupa zimepangwa hadi dirishani, redio kila kibanda. Nilimkuta amekaa juu ya mkeka ndani ya chumba kilekile, amekuwa mdogo, macho yameingia ukungu. Mikono ilikuwa inatetemeka, haiwezi tena kushika mwiko wala kusuka. Pombe alikuwa anapika binti yake, amekaa kwenye kigoda, mguu wake ameunyoosha pembeni, na faida ni ya binti. Mpika pombe hakuwa na chake tena.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umenenepa. Nasikia unavyopumua."

Tukaongea. Aliniuliza habari za kila aliyekufa Kiomboi, na kila jina alilipokea kwa kutikisa kichwa. Mchana ukakaza. Bati zikaanza kulia juu yetu, tik, tik, zinavyotanuka kwa jua. Mimi jasho lilikuwa linanitiririka mpaka kiunoni. Yeye alikuwa mkavu, amejifunika khanga mabegani.

Mlangoni mtu akakohoa. Alikuwa mkwe, naye ameshaota mvi. Akaweka sahani kizingitini, ugali na mlenda, akageuza uso kama desturi inavyotaka.

"Mwambie mama," akaniambia, "mwenzangu amejikongoja mpaka mashineni kusaga kimea. Nimesonga mimi."

Nikaisogeza sahani. Nilikuwa najua maana ya sahani ile: ndiyo siku ya kulishwa aliyoisema. Sikutaka kutazama. Nikaangalia ukuta, nikahesabu misumari. Nikasikia anavyonawa. Nikasikia anavyomega, anavyotafuna, polepole, muda mrefu. Kisha kutafuna kukakoma.

"Mkwe," akasema.

Hakupitia kwangu. Alimwita mwenyewe. Kule nje vile viatu vilivyokuwa vinazunguka uani vikasimama.

"Naam, mama."

"Huu ugali mbichi."

Bati zinalia.

"Unasikia? Katikati una unga mkavu. Geuka, uje uuchukue, ukaurudishe motoni."

Akageuka. Mwanaume mzima mwenye mvi, akaingia ameinama, akapiga goti, akapokea sahani kwa mikono miwili kutoka kwa mama mkwe wake. Akamtazama usoni, naye akamwelekezea macho yake yale ya ukungu. Aliona kitu gani, sijui.

"Samahani, mama," akasema, na midomo yake ilikuwa inapigana na kicheko.

"Na maji uongeze."

Akatoka mbio. Mpika pombe akajifuta vidole kwenye khanga, akajiegemeza ukutani.

"Na wewe kaa," akaniambia. "Utakula."

Nikakaa. Tukasubiri wote wawili ndani ya joto lile, tukimsikia mkwe jikoni anavyohangaika, mwiko ukigonga sufuria.